Kwa nini dashibodi za uwekezaji wa taasisi za fedha za maendeleo hazilingani? Mfano wa umeme wa upepo nchini Kenya

Mchunguzi wa Isiolo ameuliza:

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninaandaa ripoti fupi kwa ajili ya chama chetu cha kiraia kuhusu fedha ambazo taasisi za fedha za maendeleo za Ulaya (zile za umma zinazokopesha na kununua hisa katika miradi ya nchi zinazoendelea), pamoja na benki za maendeleo za kimataifa, zimewekeza katika umeme wa upepo nchini Kenya, na hasa katika mradi wa Ziwa Turkana ulioko kaunti ya Marsabit. Nimekuwa nikitumia dashibodi za mtandaoni zinazomruhusu mtu achague nchi, sekta na mwaka, kisha zikamwonyesha jumla, grafu na ramani. Ya kwanza hukusanya data zinazotangazwa kwa mfumo wa IATI (utaratibu wa kimataifa wa kutangaza wazi data za misaada), ya pili ni ya taasisi moja ya Ulaya inayoonyesha miradi yake yenyewe, na ya tatu ni ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri), ambayo hutegemea taarifa zinazoletwa na nchi wafadhili.

Nikichagua Kenya, kisha nishati, kisha kipindi cha mwaka 2010 hadi 2020, jumla ninazopata hazikaribiani hata kidogo, na nikiongeza orodha za taasisi nyingine nilizozipata kando, ninafikia kiasi kinachozidi gharama ya miradi yenyewe. Katibu wetu anataka takwimu moja ya kuweka kwenye ukurasa wa kwanza. Je, dashibodi ipi ndiyo ya kuaminiwa? Je, kuna namna ya kuzichuja ili zikubaliane? Naomba pia kueleweshwa kwa nini mradi wa Ziwa Turkana hauonekani katika mojawapo ya dashibodi hizo ninapochuja kwa sekta ya upepo, ilhali nikiutafuta kwa jina unatokea.

Fundi wa Majedwali amejibu:

Ndugu Mchunguzi, inawezekana kabisa kwamba dashibodi zote tatu zinasema kweli, kwa sababu kila moja inajibu swali tofauti, na kwa bahati mbaya hakuna hata moja inayojibu swali la katibu wenu. Kabla ya kugusa kichujio chochote, tafuta kwanza mstari mmoja wa jedwali lililo nyuma ya grafu unawakilisha kitu gani. Grafu zikishapakwa rangi zote hufanana, lakini mistari inayozilisha haifanani.

Katika data za IATI, mstari wa chini kabisa ni muamala, na kila muamala una namba ya aina yake. Namba 2 ni ahadi iliyotiwa saini, namba 3 ni fedha zilizokwisha kutolewa, namba 8 ni ununuzi wa hisa, na namba 10 ni dhamana ya mkopo. Taasisi ikiahidi mkopo mwaka 2014 kisha ikautoa kwa awamu hadi mwaka 2017, fedha zile zile zitaonekana mara moja kama ahadi na tena, kidogo kidogo, kama malipo. Dashibodi iliyoundwa vizuri hutenganisha mambo hayo mawili. Usipoona mahali pa kuchagua kati ya ahadi na malipo, usiiamini jumla yake mpaka upakue jedwali na kuhakikisha mwenyewe kilichojumlishwa.

Dashibodi ya taasisi yenyewe kwa kawaida huwa na mstari mmoja kwa kila mradi, na kiasi kinachoandikwa aghalabu ni kile kilichoidhinishwa na bodi au kilichotiwa saini. IFC, kwa mfano, ambayo ni tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, hutangaza muhtasari wa uwekezaji unaopendekezwa kabla bodi yake haijauamua, kwa hiyo ndani ya hifadhi yake utakutana na miradi iliyopendekezwa, inayoendelea na iliyokamilika. Anayejumlisha bila kuangalia safu ya hali ya mradi huweza kuingiza fedha ambazo hazikuwahi kutoka.

Ya OECD ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi kwa kazi yako. Nchi mfadhili inaruhusiwa kuhesabu msaada wake kwa sekta binafsi kwa njia mojawapo kati ya mbili: ama kwa kuripoti kila mkopo na kila hisa ambayo taasisi yake imetoa, ama kwa kuripoti mtaji ambao serikali imeiongezea taasisi hiyo. Uingereza hutumia njia ya pili kwa British International Investment, taasisi yake ya fedha za maendeleo. Maana yake ni kwamba fedha ambazo hazina ya London imeikabidhi taasisi hiyo huhesabiwa kama msaada siku zinapokabidhiwa, kabla hata haijajulikana zitakwenda Kenya, India au Nigeria. Ukiitafuta Kenya katika jumla ya msaada rasmi kwa njia hiyo, utapata kidogo sana, na itakuwa kosa kuhitimisha kwamba Waingereza hawajawekeza.

Tahadhari nyingine inahusu dhamana. Dhamana ni ahadi ya kulipa iwapo mkopaji atashindwa, na mambo yakienda sawa hakuna hata senti inayovuka mpaka. Shirika la Marekani la DFC, ambalo lilianza kazi mwishoni mwa mwaka 2019 likichukua nafasi ya OPIC, lilirithi pia kitengo cha dhamana za mikopo kilichokuwa USAID, ambacho kwa kawaida kilibeba nusu ya hatari ya mikopo ya benki za humu humu Afrika. Ukiona kiasi kikubwa kilichoandikwa dhidi ya benki ya Nairobi au ya Dar es Salaam katika orodha ya Wamarekani, angalia aina ya chombo cha fedha (mkopo, hisa au dhamana) kabla ya kuandika kwamba fedha hizo “zimeingia” nchini. Mimi binafsi dhamana huziweka katika safu yake pekee na sizijumlishi kamwe na mikopo wala hisa.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Nakubaliana na Fundi, lakini naona kiini cha tatizo la ndugu yetu kiko katika ile sentensi yake kuhusu kiasi kinachozidi gharama ya miradi. Hilo huwa ni dalili ya kuhesabu kitu kimoja mara kadhaa, na mradi wa Ziwa Turkana ni mfano ambao ningeufundishia darasa zima.

Mradi wenyewe una mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, ndiyo maana jumla yake hutajwa kuwa megawati 310. Gharama yake ilizidi euro milioni 600. Fedha hizo hazikutoka kwenye mfuko mmoja. Benki ya Maendeleo ya Afrika ndiyo iliyoongoza upangaji wa mikopo, ikisaidiwa na benki mbili za biashara za Afrika Kusini. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilikopesha euro milioni 200. Wakopeshaji wengine walikuwamo FMO ya Uholanzi, Proparco ya Ufaransa, DEG ya Ujerumani, shirika la Denmark la kudhamini mauzo ya nje, Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki yenye makao Kampala, na benki ya kikanda iliyokuwa ikiitwa PTA. Upande wa hisa walikuwapo Norfund ya Norwei, Finnfund ya Ufini na IFU ya Denmark, pamoja na kampuni binafsi. Umoja wa Ulaya nao uliweka euro milioni 25 kupitia mfuko wake wa miundombinu wa Afrika, kwa njia ya hisa za upendeleo.

Sasa kila mmoja wa hao ana orodha yake, na wengi wana dashibodi. Ni kama michango ya harusi: kila ukoo una daftari lake, na katika kila daftari harusi ni ile ile. Ukijumlisha michango unapata fedha zilizochangwa, lakini ukichukua gharama ya harusi iliyoandikwa juu ya kila daftari na kuzijumlisha, unapata harusi kumi. Baadhi ya taasisi huandika katika safu moja kiasi chake na katika safu ya jirani gharama nzima ya mradi, na dashibodi nyingine huonyesha ile ya pili kwa chaguo-msingi kwa sababu ndiyo inayopendeza zaidi kwenye grafu. Hapo ndipo ningeanza uchunguzi wangu.

Kuna na marudio ya ndani ya taasisi moja. Mbali na mkopo wake, kundi la Benki ya Maendeleo ya Afrika lilitoa dhamana ya sehemu ya hatari yenye thamani ya euro milioni 20, iliyokusudiwa kuwalinda wawekezaji iwapo njia ya kusafirishia umeme ingechelewa. Kwa hiyo kuna mkopo na kuna dhamana, vyote vya mradi mmoja, na kama kawaida vitakuwa na namba mbili tofauti. Aidha, taasisi nyingine ni tanzu: Proparco ni ya AFD, shirika la maendeleo la Ufaransa, na DEG ni ya kundi la KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, na usipoangalia nani ameripoti unaweza kukuta mzazi na mwana wametaja uwekezaji ule ule.

Njia ya kuondoa marudio haya ni ya mkono, nami sijaona kichujio kinachoifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Jenga jedwali lako dogo ambalo mstari wake ni jozi ya taasisi na mradi. Andika jina la mradi kwa tahajia moja tu, kwa maana utalikuta limeandikwa “Lake Turkana Wind Power”, “LTWP”, na wakati mwingine kwa jina refu la kampuni. Kisha jaza safu za kiasi cha taasisi yenyewe, aina ya chombo, sarafu ya asili, tarehe ya kutiwa saini na hali ya sasa. Mradi huu una mistari kama dazeni moja, na kazi hiyo inamalizika kabla ya chakula cha mchana.

Mkutubi wa Data amejibu:

Naomba nijibu sehemu ya mwisho ya swali, ile ya kutoonekana kwa mradi kwenye sekta ya upepo, maana jibu lake ni la kiufundi na si gumu.

Dashibodi nyingi za fedha za maendeleo huazima orodha ya sekta ya OECD yenye namba za tarakimu tano. Kwa sasa nishati ya upepo ni 23240, ile ya jua kwenye gridi kuu ni 23230, na ya jotoardhi ni 23260. Lakini orodha hiyo ilipangwa upya katikati ya muongo wa 2010, na kabla ya hapo upepo ulikuwa na namba 23068. Mikataba ya fedha ya Ziwa Turkana ilitiwa saini mwaka 2014, kwa hiyo taasisi iliyoiandika wakati huo na isiyorudi kusahihisha kumbukumbu zake inaweza kuwa na namba ya zamani, ambayo kichujio cha leo hakiitambui. Jaribu kuchuja kwa tarakimu mbili za mwanzo, yaani 23, ambalo ni kundi zima la nishati, kisha uchambue mwenyewe kwa majina.

Jambo la pili ni kwamba umeme wa upepo hauishii kwenye mitambo ya upepo. Mradi huu usingeweza kuuza hata uniti moja bila njia ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, yenye urefu unaozidi kilomita 400, iliyojengwa chini ya kampuni ya serikali ya KETRACO kwa mchango wa fedha kutoka Hispania. Mkandarasi wa kwanza, Isolux ya Hispania, alifilisika kazi ikiwa haijaisha, na njia ikawashwa mwezi Septemba mwaka 2018, ilhali mitambo ilikuwa imekwisha kusimikwa mwaka 2017. Katika orodha ya OECD usafirishaji na usambazaji wa umeme una namba yake, 23630. Anayechuja kwa 23240 pekee huiacha njia nzima nje, na anayechuja kwa kundi zima la nishati huichanganya na kila mradi wa nguzo na nyaya nchini. Ni lazima uamue kwanza kama ripoti yenu inauliza fedha za mitambo au fedha za kuufikisha umeme gridini, na uamuzi huo hauwezi kuachiwa dashibodi.

Ninaongeza kwamba mfano huu unaonyesha pia udhaifu wa grafu za “fedha zilizotolewa” kama kipimo cha maendeleo ya mradi. Kwa mujibu wa grafu kama hiyo, sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kulipiwa kabla umeme haujaanza kutiririka. Ile kesi ya ardhi, ambamo Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua mwezi Oktoba mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria, nayo haina safu katika dashibodi yoyote ya uwekezaji niliyoitumia. Ni vizuri chama cha kiraia kikumbuke hilo, ingawa swali la leo ni la takwimu.

Mwanauchumi wa Dodoma amejibu:

Wenzangu wameeleza mradi mkubwa wenye jina. Mimi nataka kutaja fedha zinazopita kwenye mikono mingine kabla ya kufika, kwa sababu huko ndiko kichujio cha nchi kinakopotosha zaidi, na kwa maoni yangu ni tatizo kubwa kuliko lile la kuhesabu mara mbili.

Nianze na kwetu Tanzania. Mtu akitaka kujua Norfund ya Norwei na FMO ya Uholanzi zina maslahi gani katika benki ya NMB, anaweza kuchagua Tanzania na asipate kitu chenye jina hilo. Taasisi hizo mbili pamoja na benki ya Uholanzi ya Rabobank zilianzisha kampuni ya Arise mwaka 2016, na ni Arise inayoshikilia hisa za NMB. Arise imesajiliwa Uholanzi na inawekeza katika benki za nchi nyingi za Afrika. Katika jedwali la mwekezaji, kilichopo ni mstari mmoja wa Arise, na safu ya nchi yaweza kusomeka “Afrika” au “kikanda”. Tanzania imo, ila haionekani.

Kwa nishati ya Kenya, mfano ulio sawa na huo ni Globeleq, kampuni ya umeme ambayo tangu mwaka 2015 inamilikiwa na British International Investment kwa asilimia 70 na Norfund kwa asilimia 30. Globeleq ndiyo iliyo nyuma ya kituo cha umeme wa jua cha Malindi, kule Langobaya katika kaunti ya Kilifi. Mtaji ambao wenye hisa wameuweka Globeleq huandikwa kama uwekezaji wa bara zima. Lakini kituo hicho hicho cha Malindi kilipata pia mkopo wa moja kwa moja kutoka CDC, ambalo ndilo jina la zamani la British International Investment, pamoja na DEG. Kwa hiyo taasisi moja imo katika kituo kimoja kwa njia mbili: njia ya mkopo inaonekana ukichagua Kenya, na njia ya hisa haionekani. Najua swali lako ni la upepo, lakini ukipanua ripoti kwenda nishati jadidifu kwa jumla utagongana na hili siku ya kwanza.

Mifuko ya uwekezaji ni ngumu zaidi. Mingi inayowekeza Afrika imesajiliwa Mauritius, na baadhi ya dashibodi huweka nukta ya ramani mahali mfuko uliposajiliwa. Ramani inayoionyesha Port Louis kama kitovu cha uwekezaji wa kilimo na viwanda vya Afrika inaonyesha kwa usahihi mahali zilipo ofisi za mawakili. Vivyo hivyo mikopo inayopewa benki ili nazo ziwakopeshe wafanyabiashara wadogo huwekwa chini ya namba 24030, yaani huduma rasmi za fedha, na mkopaji wa mwisho, awe ni mkulima wa alizeti Singida au mwenye karakana Kariakoo, hatajwi. Taasisi zenyewe husema zinalinda siri za wateja wa benki, na kwa kiasi fulani hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mtu anayechuja kwa sekta ya kilimo ataona kidogo kuliko kilichopo, na anayechuja kwa sekta ya fedha ataona kilichopo bila kujua kilifanya nini.

Ushauri wangu ni kwamba uchuje mara mbili: mara ya kwanza kwa Kenya, mara ya pili kwa “Afrika”, “Afrika Mashariki”, “kikanda” na “nchi nyingi”, halafu orodha ya pili uisome jina kwa jina. Hutaweza kuigawa kwa nchi, wala usijaribu kubuni asilimia. Iorodheshe kando ukieleza kwamba Kenya imo ndani yake kwa kiasi ambacho hakikutangazwa.

Mchunguzi wa Isiolo ameandika tena:

Nawashukuru sana, wakuu wangu. Nimejaribu ushauri wa namba za sekta na mradi umeonekana, tena kwa namba ile ya zamani kama alivyosema Mkutubi. Jedwali la taasisi na mradi nimeanza kulijenga. Yamebaki mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza ni sarafu na miaka: dashibodi moja ina dola, nyingine euro, na Benki ya Maendeleo ya Afrika inatumia kitu kinachoandikwa UA. La pili ni katibu wangu, ambaye bado anataka takwimu moja.

Fundi wa Majedwali amejibu:

UA ni kipimo cha hesabu cha Benki ya Maendeleo ya Afrika, na thamani yake ni sawa na SDR, kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Viwango vya kuibadilisha hutangazwa wazi, kwa hiyo hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni kujua dashibodi imebadilisha sarafu kwa kiwango cha siku gani. Chukua ule mkopo wa euro milioni 200 aliotaja Mkaguzi. Kwa wastani wa mwaka 2014 euro moja ilikuwa karibu dola 1.33, na kwa wastani wa mwaka 2015 ilishuka hadi karibu dola 1.11. Mkopo huo huo, ukibadilishwa kwa wastani wa mwaka wa saini, ni takriban dola milioni 266, na ukibadilishwa kwa wastani wa mwaka uliofuata ni takriban milioni 222. Tofauti ya dola milioni 44 imezaliwa na kalenda peke yake. Ndiyo maana mwenzetu alikushauri uweke safu ya sarafu ya asili. Kwa mradi ambao umefadhiliwa kwa sehemu kubwa kwa euro, andika ripoti kwa euro, na zile chache zenye sarafu nyingine uzibadilishe wewe mwenyewe kwa wastani wa mwaka wa saini, ukitaja kiwango ulichotumia.

Kuhusu miaka, jihadhari na neno “2014” kwenye mhimili wa chini wa grafu. Mwaka wa fedha wa IFC huanza tarehe 1 Julai, wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na taasisi nyingi za Ulaya hufuata mwaka wa kawaida wa Januari hadi Desemba. Mkataba uliotiwa saini mwezi Agosti mwaka 2014 utakuwa ndani ya mwaka wa fedha 2015 kwa IFC na ndani ya 2014 kwa Wamarekani. Pale tarehe kamili ya saini ipo, tumia hiyo na uachane na safu ya mwaka wa fedha.

Mkaguzi Mstaafu amejibu:

Kuhusu katibu, mpe takwimu moja, lakini iwe ni jumla ya kitu ulichokitaja kwa jina. Sentensi ya ukurasa wa kwanza inaweza kusomeka hivi: “Kiasi hiki ni jumla ya mikopo na hisa ambazo taasisi za fedha za maendeleo zilizotajwa katika jedwali la 1 zilitia saini kuupatia mradi wa Ziwa Turkana hadi mwishoni mwa mwaka 2014, bila kuhesabu dhamana, fedha za njia ya kusafirisha umeme, wala uwekezaji uliopitia kampuni na mifuko ya kikanda.” Ni ndefu, najua, na makatibu hawapendi sentensi ndefu, lakini mtu wa wizara au wa taasisi yenyewe akija kuipinga atakuwa na kazi ya kupinga mstari mmoja mmoja wa jedwali lako.

Usiite takwimu hiyo “fedha zilizoingia Kenya”. Sehemu kubwa ya gharama ya mradi wa upepo ni mitambo, na hii ilitengenezwa na Vestas ya Denmark. Taasisi iliweza kutoa fedha kikamilifu bila kiasi chote hicho kupita katika uchumi wa Marsabit.

Jambo dogo la mwisho, la kiofisi. Dashibodi hubadilika bila taarifa: hisa zikiuzwa, mradi huweza kuondoka kwenye orodha ya uwekezaji unaoendelea, na taasisi ikibadili jina, kama CDC ilivyofanya mwezi Aprili mwaka 2022, utafutaji wa jina la zamani huweza kurudi mtupu. Pakua faili la CSV la kila dashibodi siku unayofanya hesabu, liweke tarehe katika jina lake, na picha ya vichujio ulivyovichagua uihifadhi katika folda hiyo hiyo.

Mchunguzi wa Isiolo ameandika tena:

Nimeelewa, Mkaguzi. Sentensi yako nimempelekea katibu jinsi ilivyo. Amekubali jedwali la 1, akaomba dhamana ziwekwe kwenye jedwali la 2 badala ya kuachwa kabisa, na orodha ya miradi ya kikanda aliyoishauri Mwanauchumi iwe kiambatisho. Nikimaliza nitaliweka jedwali hapa ili mwenye taasisi niliyoisahau aitaje.